Kiti Chako Kimekaliwa

Juu ya duka la saa, ghorofa ya pili,
mlango uleule unaokwama.
Jumapili, tarehe 9 Novemba.

Mpendwa mdogo wangu, Mpulizaji,

Pokea salamu kabla hujaketi, na ukishaketi pokea nyingine. U hali gani? Mgongo wako je, ule uliokuwa unakusumbua kwa kubeba masanduku huko bohari? Unakula vizuri, au bado unakula umesimama mbele ya jiko kama mtu anayesubiri kuitwa? Baridi ya huko imepungua? Nijibu moja baada ya jingine, tafadhali, na si kwa kile kidole gumba chako cha kwenye simu. Nimeandika barua makusudi, kwa sababu barua haijibiwi kwa kidole.

Sisi huku ni wazima kiasi. Hilo neno "kiasi" nitalieleza nikifika mahali pake. Usirukie mwisho, nakujua.

Mama bado ana cherehani yake na miwani mipya anayoisahau kichwani halafu anaitafuta nyumba nzima. Mapacha wangu wameng'oka meno ya mbele wiki moja, wote wawili, na sasa wanapiga mluzi badala ya kuongea. Shemeji yako alijikata kidole gumba kwa msumeno karakanani, akawa anacharaza gitaa kwa vidole viwili. Anasema linatoka tamu zaidi kuliko zamani. Hatubishani naye, kwa kuwa yeye ndiye anayetutengenezea milango.

Sasa nianze na lile lililonikalisha chini kuandika.

Mwezi wa nane yalitangazwa maonyesho makubwa ya ala za muziki. Tangazo lilibandikwa kila ukuta, mpaka kwenye mlango wa kinyozi. Walisema kila chombo kinachotoa sauti duniani kitakuwepo chini ya paa moja. Baba alibandua tangazo moja akaliweka juu ya meza yake ya kazi, kati ya saa zilizokufa na saa zinazosubiri kuchukuliwa. Wiki mbili hakulitaja. Siku moja, bila kuinua uso kwenye saa aliyokuwa ameifungua, akaniuliza kama mahali pakubwa vile panaweza kukosa kipulizio cha tarumbeta.

Hapo nikamwelewa. Tarumbeta yako iko chini ya kitanda chako, ndani ya sanduku lake. Siku ulipoondoka uliiacha, ila ulichomoa kile kipande kidogo cha kuwekea midomo ukakitia mfukoni. Mpaka leo sijui kama ulifanya hivyo kwa hasira au kwa mazoea tu. Baba huitoa kila mwezi akaisafisha kwa kile kitambaa laini cha kufutia vioo vya saa, anadhani hatumwoni. Alitaka ipate kipulizio iwe kamili, ili siku ukirudi usikute kisingizio.

Basi tukaenda watatu: Baba, mimi na Shemeji. Baba alivaa koti la harusi. Nililifuta mabega mwenyewe.

Mlangoni kulikuwa na binti aliyekuwa anagawa beji za kuvaa shingoni. Alimuuliza Baba yeye ni nani: mnunuzi, muuzaji, au mwandishi wa habari. Baba akasema yeye ni mpiga muziki. Binti akashusha kidole kwenye orodha yake mpaka chini, akapandisha tena, akamwambia kwa upole kabisa, "Hiyo haimo, Mzee." Akampa beji iliyoandikwa MENGINEYO. Sote watatu tulipewa hiyohiyo. Shemeji alicheka. Baba aliitazama, akaigeuza upande wa nyuma, akaona nyuma napo imeandikwa hivyohivyo.

Tukaingia. Ndugu yangu, nikueleze vipi? Ukumbi ule ungemeza mtaa wetu wote na soko lake. Watu walikuwa maelfu. Ngoma, magitaa, vinanda, kila mtu anapiga, na humo ndani kulikuwa kimya.

Sitanii. Kila aliyekuwa anapiga alikuwa amejifunga hedifoni masikioni, na kila chombo kilikuwa na waya unaoingia kichwani mwake. Palikuwa na kijana anayepiga dramu za mpira, jasho linamchirizika, mishipa ya shingo imesimama, na kilichosikika ni tap-tap ya kuku wanaodonoa nafaka sakafuni. Palikuwa na mwanamke anayeimba kwa nguvu zote, kinywa wazi, macho amefumba. Nilisimama mbele yake umbali wa kukohoa. Nilimsikia anavuta pumzi tu.

Mbele kidogo kulikuwa na safu ya vinanda vikubwa vyeusi, viti vyake vitupu, vitufe vinashuka na kupanda vyenyewe. Watu walikuwa wanapita kati yake na kupiga picha. Shemeji, ambaye hawezi kuona mbao asiguse, aliweka mkono juu ya kimojawapo, akauondoa upesi. Alisema kilikuwa na joto kama mgongo wa mtu. Nilimwambia ni umeme. Akasema ndiyo, ni umeme.

Baba naye alikuta toazi la kweli, la shaba, akaligusa kwa ukucha. Ting. Taa nyekundu ikawaka juu ya lile banda, na watu wote wa karibu wakatugeukia, hedifoni masikioni. Akaja mlinzi, akamwomba Baba asitoe sauti ukumbini. Baba wa watu, miaka hamsini ya dramu, anaombwa asitoe sauti kwenye maonyesho ya muziki.

Tulizifikia tarumbeta saa sita mchana. Zilikuwa kumi na nne, nyuma ya kioo, zimewekewa taa moja moja. Zilikuwa nzuri kuliko chochote ulichowahi kukishika. Lakini nilipozikaribia niliona hakuna hata moja iliyokuwa na kipulizio. Zote kumi na nne zilikuwa zinatutazama bila midomo, sawa na ile yako ya chini ya kitanda. Muuzaji alieleza kwamba vipulizio havionyeshwi kwa sababu za usafi, na kwamba wao huuza kwa makasha, kwa wenye maduka, siyo kimoja kimoja. Baba akamshukuru. Unavyomjua Baba, akishukuru mara mbili ujue ameumia. Alishukuru mara tatu.

Tukatafuta pa kukaa. Viti vyote vya mle ndani vilikuwa vya kuuzwa. Tukakuta ngazi za nyuma, karibu na vyoo, na kumbe huko ndiko wenzetu walikojazana, akina Mengineyo wote. Palikuwa na mama mmoja mpiga fidla aliyesafiri siku nzima kutafuta nyuzi, akaambiwa fidla za siku hizi hazina nyuzi. Palikuwa na kiongozi wa bendi aliyetaka kusikiliza spika kabla ya kununua, akaonyeshwa picha ya sauti yake kwenye skrini. Kila mmoja alikuja na kitu kimoja tu moyoni, na kila mmoja alikuwa anarudi nacho. Tulicheka, ndiyo. Wapiga muziki wakikosa la kufanya huchekana. Ila ni kicheko kilichokuwa kinaishia ngazi ya kwanza, hakifiki chini.

Pembeni alikaa mzee mmoja wa saksafoni juu ya sanduku la chombo chake. Yeye hakucheka. Baba alimtania, akasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na hapa naona vyote vinatembezwa kwa taa. Yule mzee akamjibu taratibu, "Pale mlango wa kutokea pana banda la mwisho. Msipige pale. Mimi nilipiga jana. Leo nimepita, nikajisikia."

Shemeji akamuuliza kajisikia vipi, vibaya?

"Nimejisikia mimi," akasema. "Napiga. Na sanduku langu liko hapa, sijalifungua."

Tulimwonea huruma. Shemeji alininong'oneza kwamba mzee huyo amepigwa na jua. Mle ndani hamkuwa na jua.

Ili utoke, ilibidi upite pale. Banda lenyewe lilikuwa dogo, kapeti la kijivu, na katikati ya kapeti kiti kimoja, na juu ya kiti kisanduku cheusi chenye ukubwa wa redio ya Mama, kijitaa kimoja cha kijani. Muuzaji wake alikuwa kijana wa suti ya kubana, mwenye adabu mno. Alieleza kwamba kile chombo hukaa na bendi, husikiliza, na kama kuna asiyekuwepo hujaza nafasi aliyoiacha. Akatupa gitaa, besi na dramu za mpira, akatufunga hedifoni. Tukashika vyombo kwa uchovu tu, kama mtu anavyoketi pale anapoonyeshwa kiti. Na tulipiga nini? Wimbo wetu wa kufungia, huo ndio mikono inaoujua.

Hapa nikwambie jambo ambalo sijawahi kukuandikia. Unakumbuka sheria ya Babu: nafasi ya mtu haipigwi na mwingine. Ulidhani ni kwa waliokufa tu. Basi tangu uondoke, miaka sita hii, ukifika ule mkato wako wa mapigo manane, mimi nanyamaza, Shemeji ananyamaza, Baba peke yake anagusa toazi taratibu mpaka nafasi yako ipite. Kisha tunaendelea. Kwenye harusi watu huuliza kama tumesahau wimbo. Tunawaambia ndivyo ulivyo.

Siku ile tulipofika pale tukanyamaza kama kawaida. Na ndani ya masikio yangu tarumbeta ikalia.

Ilikuwa safi, ya moja kwa moja, imeingia sawasawa na pigo. Haikuwa wewe, wewe hujawahi kuingia kwa wakati tangu uzaliwe. Lakini ilikuwa pale pako. Nikamtazama Baba. Mikono yake ilikuwa inaendelea, ila kichwa alikigeuza kushoto, upande uliokuwa unasimama wewe, kwa utaratibu kabisa, na akasema kwa sauti kubwa ya mtu aliyezibwa masikio, "Amefika."

Taa nyekundu iliwaka. Hakuna aliyejali.

Yule kijana wa suti alifurahi kupita kiasi. Alisema bendi nyingi huja na nyimbo zilizojaa, chombo kinakosa pa kukaa. Lakini ninyi, alisema, mmetunza nafasi, safi, kama kitanda kilichotandikwa. Akatuomba tukichukue nyumbani miezi mitatu kwa majaribio, tusitoe chochote, tukiache tu kitusikilize. Alileta karatasi. Baba, ambaye husoma mpaka maandishi yaliyo ndani ya kifuniko cha saa, alitia sahihi bila kusoma. Sikumzuia. Ndugu yangu, hilo ni kosa langu nami nalikiri kwako: alikuwa amechangamka, nikapenda kumwona hivyo.

Tukakiweka kwenye kiti chako, kile cha ngozi iliyochanika, tukakiunganisha na spika zetu za ukutani. Tukakiita Mgeni. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu hatukumpa, alilichukua mwenyewe.

Wiki ya kwanza tarumbeta iliingia kwa wakati, na Baba akawa anapanda ngazi mbili mbili siku za mazoezi. Wiki ya pili ilichelewa kidogo, nikadhani ni mimi. Wiki ya tatu, Alhamisi alasiri, nikaisikia inachelewa nusu pigo kamili, ule muda wa mtu kufuta kipulizio kwenye mkono wa shati, mara mbili, ndipo apulize. Kufuta kwako kule kulikomtia Baba wazimu. Shemeji akaacha kupiga. Akaniuliza kama tuna rekodi yako yoyote humu ndani. Hatuna, unajua hatuna.

Mama hakuingia chumba cha mazoezi siku ile. Alikuwa jikoni. Tulipotoka tukakuta ameandaa vikombe vitano vya chai. Alivihesabu, akakaa chini, akasema, "Nimemsikia, nikamtilia." Kile cha tano kilipoa palepale mezani, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kukimwaga.

Nikataka kujua kile chombo kimekupata wapi. Nikachukua saa moja ya Baba ya mezani, ile isiyokosea, nikaiweka karibu yangu tukipiga. Na nikaona. Ni Baba. Kila tunapofika kwenye nafasi yako, kabla ya kugusa toazi, mkono wake unasita hewani. Nusu pigo. Tumezoea kiasi kwamba tulidhani ndivyo wimbo ulivyo. Fundi saa mzima, mtu aliyekusimamisha mbele ya watu kwenye ile harusi ya mwisho kabla hujaondoka, akakwambia bendi imechoka kukungoja, ndiye anayekungoja, miaka sita, kila Alhamisi na Jumapili, kwa mkono. Wala hajui. Nilikwenda kulia bafuni, nikafungua bomba ili wasinisikie.

Kwa hiyo Mgeni hakukujua wewe. Alijifunza pengo lako. Sisi ndio tuliolitunza likawa na umbo lako, mpaka na shati lake, naye akaja akalivaa.

Ningekitoa siku ileile. Lakini Baba alikuwa na furaha, na ukiwa na baba mwenye furaha huulizi imetoka wapi.

Sasa ndiyo nafika kwenye lile "kiasi". Mwanzoni mwa mwezi wa kumi Baba alishikwa na kifua. Daktari alisema kinatibika, dawa zipo, anazimeza, ila apumzike na asikate tamaa. Alitia mkazo kwenye hilo la mwisho. Tukamlaza chumba cha pili. Alhamisi yake mimi na Shemeji tukasema tupige wawili, asikie kwamba nyumba inaendelea. Tukaanza. Na ukutani nyuma yetu dramu zikaanza nazo.

Kiti cha dramu kilikuwa kitupu, vijiti viko juu yake. Ni Mgeni. Alikuwa anapiga kama Baba, na ule mguu wake wa kulia mzito, na kule kuvuta pua anakokufanya kabla ya kubadilisha mwendo. Kuvuta pua, ndugu yangu. Tulipofika mahali pako, dramu zikasita nusu pigo, na tarumbeta ikachelewa nusu pigo, vikapokezana humo ndani ya kisanduku kama baba na mwana waliokwisha patana.

Baba aliita kutoka kitandani. "Nani anapiga?"

Nikaenda mlangoni. Nilikosa uongo wa haraka. Nikamwambia ni Mgeni.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Anapiga vizuri. Kumbe naweza kulala." Akageukia ukuta.

Tangu siku ile hakuuliza vijiti. Hakuuliza saa za watu. Zamani hata akilala vidole vyake vilikuwa vinagonga blanketi, Mama amelalamikia jambo hilo tangu waoane. Vikatulia. Mama alikaa kitako pembeni yake siku nzima akivitazama, na mchana ule ndipo nilipomwona mama yetu amezeeka.

Nilikizima kile chombo. Lakini kuna aliyekiwasha tena, nadhani ni Baba mwenyewe, alipokwenda chooni akijikongoja. Jumanne iliyopita nilikuwa natoka dukani. Shemeji yuko karakanani, mapacha wako shuleni, Mama yuko kwenye cherehani. Kufika katikati ya ngazi nikasikia bendi. Bendi nzima. Gitaa la vidole viwili. Dramu. Tarumbeta. Na besi. Ndugu yangu, besi ile ilikuwa na kule kuteleza ninakokufanya kwenye uzi wa tatu nikichoka. Nilisimama na mfuko wa viazi mkononi nikajisikia mimi. Ndipo nilipomkumbuka mzee wa saksafoni, nikamwomba radhi kimoyomoyo.

Kilikuwa kimesikia mdundo wa cherehani ya Mama, kikauchukua kama hesabu ya kuanzia, kikaanza. Nilipoingia, Mama alikuwa ameondoa mguu kwenye cherehani, mikono imemlegea mapajani, lakini wimbo ulikuwa unaendelea. Chumba cha mazoezi hakikuwa na mtu. Kila kitu kilikuwepo isipokuwa sisi.

Niliung'oa waya ukutani. Katika ule ukimya Baba akasema kutoka chumbani kwake, kwa sauti ya mtu aliyeshiba, "Leo mmepiga vizuri sana. Hamkuacha pengo."

"Baba," nikamwambia, "hatukuwa sisi."

Akafikiri. "Basi hata ninyi mnaweza kupumzika."

Sijawahi kuogopa neno lolote kama hilo. Nilimpigia simu yule kijana wa suti aje achukue kitu chake. Akawa na adabu vilevile. Akasema nisiwe na wasiwasi, hata wakikiondoa, kilichokwisha sikiwa hakipotei, sisi tayari tuko huko kwao. Kwa hiyo ujue kwamba hivi unavyosoma, kuna mahali tunapiga, wote wanne, na hakuna aliyekosekana. Jambo hilo hulipeleki polisi. Unalinyamazia tu.

Shemeji alikibeba juzi akawarudishia mwenyewe. Kiti chako nikakifuta, nikakirudisha mahali pake, kitupu.

Jana alasiri nilichukua besi nikaenda nayo chumbani kwa Baba. Nikakaa ukingoni mwa kitanda nikapiga wimbo wa kufungia peke yangu. Ni wimbo wa aibu, besi peke yake, umejaa matundu. Palipo pa gitaa, kimya. Palipo pa dramu, kimya. Baba alikuwa ameutazama ukuta, nikajua ananisikia kwa jinsi alivyobana pumzi. Nikafika kwenye nafasi yako, nikanyamaza.

Unakumbuka, pale ni Baba peke yake anayegusa.

Nilihesabu moyoni. Pigo likapita. Halafu, nusu pigo baadaye, kidole chake kikagonga blanketi. Kimoja. Kikaenda mpaka manane, taratibu, kikanirudishia wimbo. Nilipoinuka akaniambia, bado anaangalia ukuta, "Kipulizio hatukukipata."

Nikamwambia kipo, Baba, kiko mfukoni mwa mtu.

Mama anakusalimu na anasema usivae soksi mbichi. Shangazi yetu wa ng'ambo ya soko anakusalimu, bado anasema wewe ndiye mrembo wa ukoo, tumemwacha na imani yake. Shemeji anakusalimu kwa vidole vyote tisa na nusu. Mapacha wanakupigia mluzi. Baba hajatuma salamu, ila ile beji ya MENGINEYO ameitundika kwenye msumari wa koti lako, nami naihesabu kuwa salamu.

Mungu akulinde na baridi, na masanduku, na kiburi ulichorithi kwa mtu ninayemjua. Kitie mfukoni kile kipande kidogo, uje. Wala usijisumbue kujifunza kuingia kwa wakati, kuchelewa kwako tumekutunzia kwa miaka sita. Chelewa kwenye wimbo tu. Kwenye safari usichelewe.

Wako akupendaye na aliyekuwekea kiti,

Dada yako wa besi